Dhana Potofu Kuhusu Fremu Nyepesi za Chuma za Baiskeli za Mbio

Wateja wengi wanaotafuta fremu ya chuma kwa ajili ya baiskeli ya mbio huanza mazungumzo kwa kutaja namba. "Fundi, nitafutie 853, nataka kitu chepesi," husema mmoja. Mwingine hushika fremu nzuri inayomkaa vizuri, akasoma kibandiko, akairudisha kwa sababu ni "525 tu". Namba hizo ni madaraja ya mabomba yanayotengenezwa na kampuni ya Reynolds ya Birmingham, Uingereza. Mazungumzo ya namna hiyohiyo hurudiwa kwa majina ya Columbus, kampuni iliyoanzishwa Milan, Italia, mwaka 1919: huyu anataka Spirit, yule amesikia kwamba Zona ni ya wanaoanza. Nimeyajibu maneno haya kwa mdomo mara nyingi kiasi cha kuona ni heri niyaandike, kwa sababu kosa lililomo ndani yake huwagharimu watu fedha nyingi na kuwaacha na fremu isiyowafaa.

Dhana: chuma cha daraja la juu ni chepesi zaidi na ni kikakamavu zaidi

Si kweli, na ninamwomba msomaji atulie hapa kwa kuwa mengi yanayofuata yanategemea jambo hili. Chuma cha pua, kiwe cha fremu ya bei ya chini kabisa au cha daraja la juu katika orodha ya Reynolds, kina uzito unaokaribiana sana, takriban gramu 7.85 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Ukakamavu wake, yaani jinsi kinavyokataa kupinda chini ya mzigo, nao ni karibu uleule: gigapaskali 200 hivi, hata kama kimetiwa kromi, manganizi au niobi, na hata kama kimepitishwa kwenye tanuri ili kuongezewa nguvu. Ukichukua vipande viwili vya bomba vyenye urefu, kipenyo na unene mmoja, kimoja cha 525 na kingine cha 853, mizani haitavitofautisha, na mzigo mmoja utavipinda kwa kiasi kimoja.

Kinachotofautiana ni nguvu, yaani mkazo ambao bomba litauhimili kabla halijapinda bila kurudi au halijakatika. Kromoli (chuma kilichotiwa kromi na molibdeni) ya 525 hukatika kwa mkazo wa kati ya megapaskali 700 na 900. 853 huvuka 1,200. Na 953, ambayo ni ya jamii ya vyuma visivyoshika kutu kwa urahisi, huvuka 1,700. Nguvu hiyo ya ziada humpa mtengenezaji wa mabomba nafasi ya kupunguza unene wa ukuta bila kuhatarisha bomba. Wepesi wa fremu hutokana na kupunguzwa huko, na nafasi hiyo si lazima itumike. Mabomba ya daraja moja huuzwa kwa unene wa aina mbalimbali, na mjenzi anayekusudia fremu ya mtu mzito au ya safari ndefu zenye mizigo atachagua yaliyo manene, kisha fremu itabandikwa kibandiko kilekile kilichomvutia mteja aliyetaka wepesi.

Tupige hesabu. Chukua bomba la chini, lile linalotoka shingoni kwenda kwenye ekseli ya pedeli, lenye urefu wa sentimita 63 na kipenyo cha milimita 31.8. Likiwa na ukuta wa milimita 0.6 lina uzito wa gramu 290 hivi. Likiwa na ukuta wa milimita 0.5 linashuka hadi takriban gramu 243. Moja ya kumi ya milimita imeondoa karibu gramu 50 katika bomba moja, na jina la aloi, yaani mchanganyiko wa madini uliomo katika chuma hicho, halikuingia popote katika hesabu hiyo. Kwa sababu hiyo watengenezaji makini huandika unene kwa tarakimu tatu, kwa mfano 0.8/0.5/0.8, yaani unene wa ncha moja, wa katikati, na wa ncha ya pili. Ncha huachwa nene kwa kuwa hapo ndipo joto la kuchomelea na mikazo mikubwa zaidi hukutana, na katikati hupunguzwa. Kila mteja anayetaka fremu nyepesi namtaka amwombe muuzaji tarakimu hizo tatu pamoja na kipenyo cha kila bomba. Muuzaji asiyeweza kuzipata hata kwa kumwandikia mtengenezaji anauza kibandiko, na mimi simshauri mtu alipe bei ya fremu kwa ajili ya kibandiko.

Lakini kupunguza ukuta kuna gharama yake. Bomba likipungua unene bila kuongezwa kipenyo, hupoteza ukakamavu kwa kiwango kilekile lilichopoteza uzito. Kwa miongo mingi, tangu enzi za 531 iliyotoka mwaka 1935, fremu nyingi za mbio zilitumia bomba la juu la milimita 25.4 na la chini la milimita 28.6. Reynolds ilipoleta 753 katika miaka ya 1970, mabomba yaliyopitishwa kwenye joto ili yapate nguvu ya kuhimili ukuta mwembamba zaidi, vipenyo vilibaki vilevile; fremu zilikuwa nyepesi kweli, lakini mpandaji mzito mwenye miguu yenye nguvu alizihisi zikiyumba chini yake. Dawa ilikuwa kuongeza kipenyo. Ukakamavu wa bomba jembamba hufuata takriban mchemraba wa kipenyo (kipenyo × kipenyo × kipenyo), huku uzito ukifuata kipenyo chenyewe tu. Ukitoka kwenye milimita 28.6 yenye ukuta wa 0.6 kwenda 31.8 yenye ukuta wa 0.5, unapata bomba lenye uzito pungufu kwa asilimia 7 hivi na ukakamavu zaidi kwa asilimia 15 au zaidi kidogo. Ndiyo maana fremu nyepesi za chuma za leo zina mabomba manene kwa kuyatazama kuliko yale ya miaka ya 1970, na mteja anayesema kwamba "chuma halisi" lazima kiwe chembamba machoni anakataa mabadiliko yaliyokiboresha chuma chenyewe.

Mchezo huu nao una mwisho. Ukuta ukishuka hadi milimita 0.4 katika bomba pana, nguvu ya aloi haitoshi tena kulinda fremu, kwa sababu bomba pana lenye ukuta mwembamba hubonyea kama kopo la soda: usukani ukigeuka ghafla na kugonga bomba la juu, au fundi akiikamata fremu kwa bomba hilo kwenye stendi ya matengenezo badala ya kuikamata kwa nguzo ya kiti, alama inabaki. Mtu wa kilo 60 anayehitaji fremu ndogo anaweza kuifurahia fremu ya namna hiyo kwa miaka mingi. Mtu wa kilo 95 anayehitaji fremu ya sentimita 60 simshauri hata kidogo, kwa sababu mabomba marefu yenye kuta hizo, chini ya mwili wake, yanaweza kuanza kutikisika kwenye mteremko wa kasi hadi usukani ukatetemeka mikononi. Huyo anafaa kupewa bomba la juu la milimita 28.6 au zaidi na ukuta usiopungua 0.5 katikati, akubali gramu zake 150 za ziada, ashuke milima kwa utulivu.

Jambo la mwisho kuhusu vibandiko ni kwamba vingi huhusu mabomba makuu matatu pekee: la juu, la chini na la kiti. Yale ya nyuma yanayoshika gurudumu yanaweza kuwa ya kromoli ya kawaida, na hakuna ubaya wowote katika hilo, lakini fremu mbili zenye kibandiko kimoja zinaweza kutofautiana kwa mamia ya gramu. Fremu nzuri na nyepesi ya chuma huwa na uzito wa kati ya kilo 1.6 na 1.9 katika ukubwa wa kati. Ya kromoli ya kawaida iliyopunguzwa unene katikati hucheza kwenye kilo 2 au zaidi kidogo. Omba ipimwe mbele yako, bila foki, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele.

Dhana: gramu 300 za fremu zitaonekana mlimani

Zitaonekana kwa saa ya kupimia muda, kwa shida. Mpandaji wa kilo 70, pamoja na baiskeli, maji na mavazi ya kilo 10, anainua kilo 80. Gramu 300 ni chini ya nusu ya asilimia moja ya uzito huo. Katika barabara ya Mombo hadi Lushoto, inayopanda karibu mita 1,000 kwa kilomita zaidi ya 30, mtu anayetumia saa mbili ataokoa sekunde zisizofika 30. Kwa anayeshindana ni kitu. Kwa asiyeshindana si sababu ya kuchagua fremu fupi au ndefu kuliko mwili wake. Wepesi wa bei nafuu zaidi upo kwenye foki: ya chuma huwa na gramu 700 hadi 800, ya kaboni gramu 350 hadi 450. Hakikisha tu kwamba bomba la shingo linapokea foki ya kisasa ya inchi 1 na moja ya nane, kwa kuwa fremu nyingi za zamani ni za inchi 1 kamili na chaguo la foki ni dogo.

Dhana: chuma hunyonya mitikisiko ya barabara

Fremu ya kawaida ni pembetatu mbili zilizounganishwa, na umbo hilo karibu halibonyei kabisa kutoka juu kwenda chini, liwe la chuma, alumini au kaboni. Kinachobonyea ni tairi, kwa milimita nyingi, kisha kiti na nguzo yake. Anayehisi tofauti kubwa kati ya fremu mbili mara nyingi amepanda tairi mbili tofauti. Kwa hiyo kama unatafuta starehe, uliza fremu inapokea tairi ya upana gani. Mimi simshauri mtu yeyote anunue leo fremu mpya isiyopokea milimita 28, na ninapendelea sana inayofika 32, kwa sababu lami yetu ina viraka na changarawe, na tairi pana lenye upepo wa kiasi litafanya kazi ambayo hakuna aloi inayoweza kuifanya.

Dhana: chuma huchoka na kulegea, au kinyume chake, chuma hakifi

Dhana hizi mbili hupingana, na zote mbili si sahihi. Ukakamavu wa chuma haupungui kwa matumizi. Fremu iliyoanza kuyumba ghafla ina ufa, au tatizo liko kwenye gurudumu au beringi. Ichunguzwe kwenye viungio kabla ya kupandwa tena. Ni kweli pia kwamba chuma kina kiwango cha mkazo ambacho, bomba likibaki chini yake, linaweza kurudia mizunguko mingi mno bila kupasuka, sifa ambayo alumini haina. Lakini mjenzi anayepunguza ukuta hulisogeza bomba karibu na kiwango hicho. Jarida la Ujerumani la Tour lilipochapisha mwaka 1997 majaribio ya uchovu, yaani ya kukandamizwa tena na tena, ya fremu 12 za hali ya juu, zilizomaliza bila kuvunjika zilikuwa za alumini na kaboni. Za chuma hazikumaliza. Ubunifu na ufundi wa fremu ni muhimu kuliko jina la madini.

Dhana: sumaku hutambua chuma bora

Sumaku hukuambia kwamba fremu si alumini wala titani, basi. Hushika chuma kizito cha bei ya chini, hushika 853, na hushika hata 953. Anayenunua baiskeli ya mtumba isiyo na kibandiko apime kipenyo cha nguzo ya kiti, ambacho mara nyingi huchongwa kwenye nguzo yenyewe. Fremu ya zamani yenye bomba la kiti la milimita 28.6 inayopokea nguzo ya 27.2 ina ukuta mwembamba hapo, na kwa kawaida ni fremu iliyojengwa kwa mabomba mazuri. Ikipokea 26 au chini ya hapo, ukuta ni mnene na fremu ni nzito, rangi yake iwe nzuri namna gani.

Dhana: fremu ya viungio vya kulehemu ni bora kuliko iliyochomelewa

Viungio vya kulehemu, yaani soketi za chuma ambamo ncha za mabomba huingizwa na kushikizwa kwa madini yaliyoyeyushwa, ni vizuri kwa macho, na bomba lililoharibika hubadilishwa kwa urahisi zaidi. Huongeza uzito kidogo na humlazimisha mjenzi kufuata pembe na vipenyo vya viungio vilivyopo sokoni. Mabomba kama 631 na 853 yalibuniwa yawe na nguvu sehemu iliyochomelewa yanapopoa hewani, hivyo hofu ya kwamba kuchomelea huyadhoofisha haina msingi kwa madaraja hayo.

Dhana: rangi nzuri inatosha kuzuia kutu

Kutu la fremu huanzia ndani, mahali pasipopakwa rangi, na ukuta wa milimita 0.5 hauna akiba ya kuliwa. Jasho na maji ya mvua huingia kupitia nguzo ya kiti na hukusanyika chini, penye ekseli ya pedeli. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja, hewa ya chumvi huharakisha kazi hiyo. Kabla ya kuifunga fremu mpya vifaa vyake, mimina ndani mafuta ya kuzuia kutu au mafuta ya kitani, izungushe pande zote hadi yafike kila bomba, iache yakauke, na rudia kila inapofunguliwa kwa matengenezo makubwa. Paka grisi nguzo ya kiti, hasa ikiwa ya alumini, la sivyo itagandamana na bomba na haitatoka tena. Kama kuna tundu dogo chini ya ganda la ekseli ya pedeli, lisizibwe kwa grisi wala kwa skrubu, kwa sababu maji hutokea hapo.