Dhana potofu kuhusu t0, muda wa awamu tembezi (kimiminika au gesi inayobeba sampuli) kupita kwenye kolamu, yaani bomba la kutenganishia kemikali

Dhana: Ujazo wa kolamu ukigawanywa kwa kasi ya pampu, t0 imepatikana.

Hiyo ni hesabu ya bomba tupu. Kolamu ya kromatografia ya kimiminika yenye urefu wa milimita 150 na kipenyo cha ndani cha milimita 4.6 ingebeba mililita 2.5 hivi kama isingekuwa na kitu. Lakini imeshindiliwa punje za silika, na kimiminika hukaa penye uwazi tu: katikati ya punje na ndani ya vitundu vya punje zenyewe. Kwa punje zenye vitundu kote, uwazi huo ni kama asilimia 60 hadi 70 ya ujazo wote. Chukua 0.65: unabaki na mililita 1.6. Pampu ikisukuma mililita 1 kwa dakika, t0 ni dakika 1.6.

Tofauti hiyo si ndogo. Tuseme dawa yako inatoka dakika ya 4. Kipimo cha ushikwaji, k, ni (4 − t0) ÷ t0. Kwa t0 sahihi unapata 1.5, ambayo inakubalika. Kwa ile ya bomba tupu unapata 0.6, na unaweza kuitupa njia nzuri ya upimaji bila sababu.

Dhana: Kinachochelewa kutoka kimekaa muda mrefu zaidi ndani ya awamu tembezi.

Hapana. Kila kinachoingia kwenye vitundu vyote hukaa ndani ya awamu tembezi kwa muda uleule, t0. Muda unaozidi hapo kimeutumia kikiwa kimeshikwa na awamu tuli, yaani ile isiyosogea ndani ya kolamu.

Dhana: Hakuna kinachoweza kutoka kabla ya t0.

Kwenye kolamu zinazotenganisha molekuli kwa ukubwa, hilo hutokea kila siku. Molekuli kubwa hazienei kwenye vitundu, hivyo hupita katikati ya punje tu na kukitangulia hata kimiminika chenyewe. Ndiyo maana alama ya kupimia t0 lazima iwe ndogo na isiyoshikwa. Kwenye kolamu za C18 (zenye silika iliyopachikwa minyororo ya kaboni 18) wengi hutumia urasili, molekuli ndogo ya aina hiyo.

Dhana: Kwenye kromatografia ya gesi mambo ni yaleyale.

Hapa ndipo wengi hujikwaa, maana gesi hubanwa. Shinikizo hushuka kuelekea mwisho wa kolamu, gesi hutanuka na kuongeza mwendo. Ukipima kasi pale mwishoni na kuitumia kwa kolamu nzima, t0 yako itakuwa fupi kuliko ya kweli. Anthony James na Archer Martin walitoa kirekebishi cha jambo hili mwaka 1952. Kwa kasi ya wastani hesabu ni nyepesi: mita 30 kwa sentimita 30 kwa sekunde ni sekunde 100. Ila ukirefusha kolamu maradufu bila kugusa shinikizo, t0 huongezeka mara nne, kwa sababu kasi nayo imepungua nusu. Na usidunge hewa kupima t0 kama detekta yako (kitambuzi cha mwisho wa kolamu) ni ya mwali, inayotambua vitu vya kaboni kwa kuvichoma: haiioni. Dunga methani.