Kabla hujanunua otorefrakta

Vijana wanaomaliza optometria na kutaka kufungua chumba chao cha kupimia macho hunipigia simu na swali lile lile: ninunue otorefrakta ipi, ile mashine inayopima yenyewe namba ya miwani? Nami huuliza, retinoskopu unayo, ile taa ya mkononi ya kumulika mboni na kusoma mwanga unaorudi? Hapo wengi hunyamaza.

Sina ugomvi na otorefrakta. Mgonjwa anaweka kidevu, anatazama picha, na baada ya sekunde chache namba zinatoka. Siku yenye foleni ni msaada mkubwa. Balaa huanza pale namba hizo zinaponakiliwa moja kwa moja kwenye cheti cha miwani. Niliwahi kuletewa mtoto wa miaka saba, mashine imempa −2.75, yaani haoni vizuri mbali, macho yote mawili. Nikamvisha fremu ya majaribio, nikamwambia atazame herufi kubwa ya mbali, nikakaa sentimita 67 kutoka usoni pake na kummulika kwa retinoskopu. Kwa umbali huo, jicho lenye −2.75 kweli lingenionyesha mwanga ukienda kinyume na mkono wangu. Huu ulikwenda sambamba. Nikaongeza lenzi hadi +2.00 ndipo mboni ikajaa mwanga mara moja. Toa 1.50, nguvu ya lenzi inayolingana na umbali wangu wa sentimita 67, inabaki +0.50. Mtoto alikuwa anakaza macho ndani ya mashine kama anayetazama kitu cha karibu, basi. Nilirudia baada ya matone ya kulegeza msuli, kama inavyopasa kwa watoto, na miwani ile hakuihitaji.

Kwa hiyo mimi huanza na retinoskopu, oftalmoskopu ya mkononi ya kutazamia ndani ya jicho, na sanduku kamili la lenzi za majaribio. Foropta, ile mashine ya kubadilishia lenzi mbele ya macho, inapendeza na inaharakisha kazi, ila mtoto mdogo au mzee anayetetemeka shingo utampimia wapi kama huna fremu?

Fedha nyingi ziende kwenye taa ya mwanya, darubini yenye mwanga mwembamba wa kukagulia jicho. Hapo ndipo utaona kidonda cha konea (kioo cha mbele cha jicho), mtoto wa jicho anayeanza, mkwaruzo wa lenzi ya kubandika. Iliyotumika si dhambi, mradi uijaribu mwenyewe. Funga mwanya taratibu huku mwanga umeuelekeza kwenye karatasi nyeupe: kingo mbili zibaki sambamba hadi mwisho, zisiwe nene juu na nyembamba chini. Zungusha vikuza vyote, kuanzia kidogo hadi kikubwa, na uone kama picha inabaki kwenye fokasi. Chungulia lenzi kwa tochi. Utando kama wa buibui ni kuvu, achana na taa hiyo. Kisha uliza balbu inapatikana wapi. Muuzaji akianza kusitasita, jibu umelipata.

Kipima presha ya macho huwafanya watu wabishane sana. Cha kupuliza hewa hakigusi jicho wala hakihitaji dawa ya ganzi, na mgonjwa akiruka kidogo mnacheka wote. Lakini mpigo mmoja hautoshi, chukua angalau mitatu upate wastani. Kwa mtu ninayemshuku glaukoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, mimi hurudi kwa kipimo cha Goldmann, kinachogusa jicho na kukaa juu ya taa ya mwanya. Kinataka ganzi, rangi ya fluoresini na mkono uliozoea, na kinataka kukaguliwa kwa ufito wake kwenye milimita 0, 20 na 60 za zebaki. Hicho kidude kidogo cha kukagulia hakikisha kimo ndani ya boksi, maana ndicho kinachopotea kwanza. Tena, presha kati ya 10 na 21 haimwachii mtu huru: konea nyembamba hushusha namba, na wapo wenye glaukoma presha ikiwa ya kawaida. Tazama neva ya jicho.

Lensomita, kipima nguvu ya lenzi za miwani, nunua, hata ya kuzungusha kwa mkono; bila hiyo hujui miwani anayovaa mgonjwa ina nini. OCT, mashine ya kupiga picha za tabaka za ndani ya jicho, iache hadi upate wagonjwa wa kuilipia.

Chati ya herufi ndiyo rahisi kuliko vyote, nami ndiyo iliyoniumbua. Chumba kikiwa kifupi, weka kioo mita 3 mbele ili njia ya macho ifike 6, na herufi za chati zigeuzwe. Halafu chukua rula: herufi ya mstari wa 6/6, ule wa macho mazima, kwa mita 6 iwe na kimo cha milimita 8.7 hivi. Yangu ya kwanza nilichapisha mwenyewe, printa ikaipunguza ili ienee kwenye karatasi, mimi sikupima. Wiki kadhaa nikawa nawashangaa watu wenye macho mazima wakikwama mstari wa mwisho.