Ajira ya wanawake na talaka: kuwezesha si kusababisha

Nimemsikia tena mtu aliyesoma akisema kwamba kiwango cha talaka kimepanda kwa sababu wanawake siku hizi wanafanya kazi. Dhana anayoitafuta ndiyo wanasosholojia huiita athari ya kujitegemea: mwenye kipato chake huweza kuondoka katika ndoa ambayo asiye nacho angelazimika kuivumilia.

Wanawake wamefanya kazi siku zote. Kilichobadilika ni ajira, neno lenye asili moja na ujira, yaani malipo. Aliyelima, akapika na kulea pasipo ujira alichoka vilevile, ila hakuwa na fedha za kupangia hata chumba kimoja. Talaka nayo imetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufungua na kuacha huru, kama afunguliwavyo ngamia kamba ya miguu. Anayeifungua kamba siye aliyeikaza hadi ikaumiza.

Hapo ndipo kuwezesha kunapoachana na kusababisha. Mfikirie mwanamke aliyekaa usiku na karatasi ya mshahara, akijumlisha kodi ya nyumba, ada ya shule na nauli, kisha akirudia hesabu kwa kuwa hakuamini jibu la kwanza. Kilichomkesha ni kipigo, au usaliti, au miaka ya kutosemezana. Mshahara unamjibu swali moja tu, kwamba akiondoka ataishije. Katika nyumba nyingine, mshahara kama huo huo ndio unaomaliza ugomvi wa madeni na kuituliza ndoa.

Nchini Marekani talaka zilikuwa 2.2 kwa kila watu 1,000 mwaka 1960, zikafika 5.3 mwaka 1981, na katika miaka hiyo wanawake wengi waliingia katika ajira. Wengi huishia kusoma hapo. Baada ya 1981 kiwango hicho kilishuka, ilhali sehemu ya wanawake waliomo katika soko la ajira iliendelea kupanda hadi takriban asilimia 60 mwishoni mwa miaka ya 1990. Sheria nazo zilikuwa zimebadilika: tangu 1970, California iliruhusu talaka bila mmoja kuthibitisha kosa la mwenzake.

Anayesema kwamba ajira ya wanawake imevunja ndoa, namwomba abadilishe kitenzi tu: imewawezesha baadhi yao kutoka katika ndoa zilizokwisha kuvunjika.