Nje ya boksi si mahali: dhana potofu kuhusu ubunifu wa kibiashara

Chora nukta tisa kwenye karatasi, safu tatu za nukta tatu tatu, zifanye umbo la mraba. Sasa ziunganishe zote kwa mistari minne iliyonyooka bila kuinua kalamu. Fumbo hili limetumika miaka mingi kwenye semina za biashara, na funzo linalotolewa ni lilelile: umekwama kwa sababu umejifungia ndani ya mraba, kwa hiyo fikiri nje ya boksi. Kutoka hapo watu hurudi kazini wakiamini kwamba mazoea ndiyo gereza na uhuru ndio ufunguo. Imani hiyo imeharibu kazi nyingi nzuri, na inafaa ichambuliwe kipande kwa kipande.

Dhana: Mtu akipewa uhuru kamili, wazo jipya litakuja lenyewe

Mwaka 1981 watafiti Robert Weisberg na Joseph Alba walilifanyia majaribio fumbo hilohilo la nukta tisa. Waliwaambia washiriki waziwazi kwamba mistari lazima itoke nje ya mraba. Boksi likawa limeondolewa, na bado wengi walishindwa. Kilichosaidia zaidi ni kufanya kwanza mazoezi ya mafumbo mepesi ya aina hiyo, yanayomzoesha mtu kuvusha mstari na kugeukia mahali pasipo na nukta.

Jaribu mwenyewe. Anza nukta ya juu kushoto, shuka hadi uipite nukta ya chini kwa nafasi moja. Panda kimshazari ukipitia nukta ya kati ya safu ya chini na nukta ya kati ya upande wa kulia, hadi ufike usawa wa safu ya juu, nafasi moja nje ya mraba. Rudi kushoto moja kwa moja hadi ulikoanzia. Malizia kwa kushuka kimshazari hadi kona ya chini kulia. Utaona kwamba ugumu uko kwenye ile kona ya kugeukia hewani. Ruhusa ya kutoka unayo tangu mwanzo; kinachokosekana ni mbinu ya kujua utoke wapi na ugeukie wapi.

Kazini ni vivyo hivyo. Brifu, yaani maelekezo ya kazi anayotoa mteja, inayosema "tupeni kitu cha tofauti kabisa" ni brifu mbaya kuliko ile inayosema "tangazo la sekunde 15, lieleweke bila sauti, jina la bidhaa lionekane ndani ya sekunde 3 za kwanza". Ya pili inampa mbunifu kuta za kusukumana nazo. Ya kwanza humrudisha kwenye wazo la karibu zaidi kichwani, ambalo mara nyingi ndilo la kawaida kuliko yote. Mteja akileta brifu ya kwanza, kazi ya siku hiyo ni kumhoji hadi izae masharti matatu au manne yanayopimika. Usichore chochote kabla ya hapo.

Dhana: Mazoea ni adui wa ubunifu

Hapa ndipo penye hasara kubwa, kwa hiyo twende taratibu. Mazoea ya kazi hayalingani. Yako ya aina tatu, na anayeyachanganya huvunja lisilopaswa kuvunjwa.

Aina ya kwanza inatoka kwa sheria na maumbile ya vitu: ujazo lazima uandikwe kwenye chupa, wino mwepesi hausomeki juu ya rangi nyepesi, mkono wa mtu una ukubwa fulani. Ya pili inatoka kwa mtumiaji: rangi anayoitambulia bidhaa akiwa hatua kadhaa kutoka rafuni, mahali anapotafuta bei, alama inayomwambia ladha ipi ni ipi. Ya tatu ni urithi mtupu: jambo linafanywa hivyo kwa sababu aliyetangulia alifanya hivyo, na sababu yake ya awali imeshakufa.

Chukua lebo ya maji ya matunda. Orodhesha kila kitu kilichomo, kimoja kwa mstari mmoja, hadi ufike angalau mistari 20: picha ya tunda, tunda kukatwa nusu, matone ya maji, jani la kijani, mwandiko wa kuviringika, jina katikati, rangi ya kifuniko, neno "halisi", na kadhalika. Kando ya kila mstari andika S kwa sheria au maumbile, M kwa mtumiaji, U kwa urithi. Zile U ndizo ardhi yako ya kuchezea. Zile M ziguse moja tu kwa wakati, na baada ya kupima. Zile S ziache.

Anayeona zoezi hili ni la kitoto aangalie yaliyotokea Marekani mwaka 2009, kampuni ya PepsiCo ilipobadilisha pakiti za maji ya machungwa ya Tropicana. Picha ya chungwa lililochomekwa mrija iliondolewa, ikawekwa glasi ya juisi. Jina likageuzwa kusimama wima, na herufi zikabadilika. Kwa mbunifu, chungwa lenye mrija lilikuwa urithi, picha ya zamani tu. Kwa mnunuzi aliyekuwa akipita na kikapu, ndilo lililomwonyesha "ni ile yangu". Mauzo yakashuka kwa takriban asilimia 20 ndani ya wiki chache, na pakiti ya zamani ikarudishwa. Kila badiliko lingeweza kutetewa peke yake. Kosa lilikuwa kuvunja alama zote za utambuzi kwa mpigo, kiasi kwamba mnunuzi hakubakiwa na hata moja ya kushikilia.

Ndiyo maana tunashikilia hivi: vunja zoea moja, mengine yaache yafanye kazi yake. Tangazo lenye picha ya ajabu liwe na maneno mepesi. Bidhaa ya ajabu iuzwe kwa njia iliyozoeleka. Ukivunja kotekote, mtu hana pa kuanzia kukuelewa.

Dhana: Wazo kubwa huzuka pasipo na kitu

Tarehe 26 Aprili 1956, meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kuelekea Houston, nchini Marekani, ikiwa na masanduku 58 ya chuma juu ya sitaha. Mwenye wazo, Malcom McLean, alikuwa mtu wa malori wala si wa meli. Siku zile shehena ilipakiwa kwa mikono, gunia kwa gunia, pipa kwa pipa, na meli ilikaa bandarini siku nyingi kusubiri. Yeye aliuliza kwa nini mzigo ushushwe kutoka kwenye lori kisha upandishwe tena melini, wakati sanduku zima lingeweza kuhamishwa. Gharama ya kupakia tani moja, iliyokuwa karibu dola 5.86, ilishuka hadi senti 16 hivi.

Tazama ni mangapi hakuyagusa. Meli ilikuwa ya mafuta, ya tangu wakati wa vita, iliyofanyiwa marekebisho. Sanduku kimsingi lilikuwa bodi ya lori iliyotenganishwa na magurudumu yake. Bandari zilikuwa zilezile. Kilichovunjwa ni zoea moja, kwamba kitu kinachosafirishwa ni mzigo wenyewe wala si chombo chake. Wazo hilo halikuenea dunia nzima mpaka nalo lilipogeuka kuwa kanuni: vipimo vya makontena vilianza kukubaliwa kimataifa mwishoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vya kona nane vikawekwa mahali pamoja ili winchi ya bandari yoyote iweze kuvishika. Ubunifu uliofaulu huishia kuwa mazoea ya kesho. Anayeudharau utaratibu huacha wazo lake njiani.

Mfano wa Ford ni mfupi zaidi. Mkondo wa kuunganishia magari ulioanza mwaka 1913 ulichota kwenye machinjio ya Chicago, ambako mizoga ilisogezwa kwa minyororo na kila mchinjaji alikata kipande chake. Wakaugeuza: kule mnyama alitenganishwa, huku gari likaunganishwa. Muda wa kuunganisha chasisi ukashuka kutoka saa 12 na zaidi hadi saa moja na nusu hivi.

Kwa hiyo ukikwama, usikae ukitazama dari. Andika tatizo lako kwa kitenzi kitupu, bila jina la bidhaa: "kupanga foleni", "kuthibitisha ubora", "kukumbusha mtu alipe". Kisha tafuta fani tatu zilizo mbali na yako zinazofanya kitendo hicho kila siku, ukatazame hasa zinavyokifanya, hatua kwa hatua. Wengi hukosea hapa kwa kwenda kwa washindani wao, na huko watakuta mazoea yaleyale waliyotoka nayo.

Dhana: Kubungua bongo kwa sauti, wote pamoja, ndiyo njia bora

Njia hii iliasisiwa na Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara nchini Marekani, aliyeieneza kwenye miaka ya 1940 na 1950. Kanuni zake nne bado ni nzuri: usikosoe kwanza, karibisha mawazo ya ajabu, tafuta wingi, unganisha na uboreshe. Tatizo liko kwenye kuzungumza. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wa mwaka 1958 ulionyesha kwamba watu wanaofikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yakijumlishwa, huzidi ya kundi lenye idadi hiyohiyo lililokaa pamoja. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe wakaonyesha sababu kuu: mmoja akisema, wengine wote wanasubiri. Katika kusubiri, wazo husahaulika au huonekana halifai tena. Woga wa kuhukumiwa na uvivu wa kumwachia mwenzako huchangia pia, ila kusubiri ndiko kunakoua zaidi.

Badala yake andikeni. Njia ya 6-3-5, iliyobuniwa na Bernd Rohrbach wa Ujerumani mwaka 1968, ni hii: watu 6, kila mmoja na karatasi yenye jedwali la safu 3 na mistari 6. Kwa dakika 5 kila mtu anaandika mawazo 3 kwenye mstari wa kwanza, kimya. Kisha karatasi inapitishwa kulia. Unasoma ya mwenzako, unaandika mengine 3, ya kuyaendeleza au mapya. Baada ya zamu 6, yaani dakika 30, mna nafasi 108 zilizojazwa.

Yanayoharibika ni machache na yanajulikana. Mwandiko usiosomeka humfanya anayefuata aanze upya, kwa hiyo herufi kubwa, sentensi fupi. Kwenye zamu ya tatu watu huishiwa na kuanza kurudia. Msisimame hapo, kwa kuwa yale ya mwanzo ni yale ambayo kila mtu angeyapata. Bosi akiwepo na mwandiko wake ukajulikana, wengine wataufuata. Aandike kwa herufi kubwa kama wengine, au asishiriki kabisa. Uchambuzi uwe siku nyingine: kuzaa na kuchuja ni kazi mbili tofauti, na ukizifanya pamoja kuchuja hushinda daima.

Dhana: Wabunifu wanatumia upande wa kulia wa ubongo

Roger Sperry alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981 kwa kazi yake juu ya pande mbili za ubongo, na ni kweli baadhi ya shughuli, lugha hasa, huegemea upande mmoja. Lakini uchunguzi wa picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000, uliochapishwa na Chuo Kikuu cha Utah mwaka 2013, haukukuta watu wanaotawaliwa na upande wa kulia au wa kushoto. Hili lina athari kazini: usimnyime mhasibu nafasi kwenye kikao cha mawazo. Yeye ndiye anayejua ni zoea gani linakula pesa.

Dhana: Wazo likikataliwa, mteja haoni mbali

Mara nyingi mteja hajaliona wazo, ameona maelezo yake tu. Mwaka 1968 Spencer Silver wa kampuni ya 3M alipata gundi dhaifu isiyoganda moja kwa moja. Miaka sita baadaye mwenzake, Art Fry, akaifikiria kwa karatasi za kuwekea alama kwenye kitabu. Bidhaa ilipojaribiwa sokoni mwaka 1977 haikununuliwa sana. Mwaka uliofuata zikagawiwa sampuli za bure mjini Boise, na waliozitumia wengi mno wakasema watanunua. Kufikia 1980 karatasi hizo, kwa jina la Post-it, zilikuwa zikiuzwa Marekani nzima. Karatasi zilikuwa zilezile. Tofauti ilikuwa kuzishika mkononi.

Basi usiende kwa mteja na maneno. Nenda na sampuli, hata ya karatasi na gundi, na umwache aitumie dakika kumi bila wewe kueleza. Akikwama, andika alipokwama na ukae kimya. Ukitaka kupima sokoni, badilisha kitu kimoja tu baina ya toleo la zamani na jipya, la sivyo hutajua kilichosababisha tofauti. Mvumbuzi Mwingereza James Dyson alitengeneza sampuli 5,127 za fagio lake la umeme la kufyonza vumbi kati ya 1979 na 1984 kwa subira ya namna hiyo. Na kabla ya siku ya kwanza ya jaribio, kubalianeni kwa maandishi ni idadi gani ya mauzo au ya majibu itakayowafanya msonge mbele, na ipi itawafanya msimame. Yakiachwa haya hadi matokeo yaingie, mwenye wazo atapata sababu ya kuendelea na anayelipinga atapata sababu ya kulizima, wote wakisoma jedwali lilelile.