Hoteli ya Ufukweni Haina Kazi Siku ya Mabembea

Ombi lile lile limeletwa tena wiki hii katika ofisi yangu ya uwakala wa safari, safari hii na mtumishi mmoja wa Mtumba, mji wa Serikali hapa Dodoma, anayejiandaa kwa likizo ya Juni: "Dada, nitafutie hoteli moja ya ufukweni iliyo jirani na bustani ya burudani, tulale hapo siku zote, asubuhi watoto waende kwenye mabembea na jioni tuoge baharini." Kabla yake aliliomba mhadhiri, na kabla ya mhadhiri aliliomba mheshimiwa mmoja ambaye hakulipenda jibu langu. Nimeamua kuliandika jibu hilo, ili atakayekuja mwezi ujao nimpelekee kiungo badala ya kukausha koo.

Bustani ya burudani humeza siku nzima. Tiketi yake huuzwa kwa siku na wala si kwa saa, na mzazi aliyeilipia familia ya watu watano hataondoka saa nane mchana ili akaogelee mahali pasipo na kiingilio. Atabaki mpaka walinzi waanze kufunga. Watoto watarudi hotelini wakiwa wamebebwa, na bahari iliyo chini ya dirisha, ambayo imelipiwa usiku huo, itasikika tu. Wapo wanaoshauri familia zirudi hotelini mchana kupumzika na kuingia tena bustanini jioni, na ushauri huo ni mzuri, lakini unafaa pale hoteli inapokuwa dakika kumi kutoka langoni, kwa hiyo bado ni hoja ya kulala karibu na lango. Chumba kinachotazama maji huuzwa ghali kuliko cha upande wa nyuma chenye kitanda kile kile, na tofauti hiyo ina maana siku ile tu ambayo kuna mtu aliye macho wa kuyatazama maji hayo.

Kwa hiyo mimi huanza na siku kabla ya hoteli. Mteja aniambie ni siku ngapi za bustani na ni siku ngapi za bahari, kisha tunatafuta malazi mawili yenye kazi mbili: ya kwanza iwe nyumba safi, ya kawaida, iliyo karibu na lango, na ya pili iwe ile ya ufukweni ambayo hapo ndipo tutatoa pesa bila kinyongo. Bahari nainyima nafasi ya kwanza katika ratiba kwa sababu tiketi ya bustani ina tarehe na bahari haina. Mvua ikiharibu siku ya kwanza ya bustani, au mtoto akipata homa, tunaweza kuikopa siku moja ya bahari bila hasara kubwa, ilhali kinyume chake hakiwezekani.

Mkanganyiko mkubwa zaidi uko Florida. Watu huona jimbo lililozungukwa na bahari kwenye ramani, wanajua kwamba bustani za Walt Disney World ziko huko tangu mwaka 1971, wanahitimisha kwamba watoto watatoka kwenye ngome ya hadithi na kukanyaga mchanga wa Atlantiki. Orlando, mji ulio jirani na bustani hizo, uko bara. Ufukwe wa Cocoa Beach upande wa mashariki na ule wa Clearwater upande wa magharibi, kila mmoja uko zaidi ya kilomita 100 kutoka kwenye bustani hizo, umbali unaokaribiana na ule wa kutoka hapa Dodoma hadi Gairo, na sijamsikia mkazi wa Area D akijitapa kwamba anaishi jirani na Gairo. Ipo hoteli ya Disney inayoitwa Beach Club, yenye bwawa zuri lililotandikwa mchanga, ila maji yaliyo mbele yake ni ya ziwa, na katika maziwa ya Florida wanaishi aligeta, jamaa wa karibu wa mamba. Hatuogi humo. Anayekwenda kwa ndugu zake Marekani na kutaka vyote viwili, alale Orlando kwa siku za bustani, kisha akodi gari na kuhamia pwani. Akumbuke pia kwamba msimu wa vimbunga vya huko unahesabiwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, hivyo chumba cha ufukweni kichukuliwe kwa masharti yanayoruhusu kurudishiwa fedha.

Dubai ni habari nyingine, kwa kuwa bahari ipo na bustani zipo, ila mji ni mrefu. Wateja wetu wengi wanaifahamu Deira, mtaa wa Dubai, kwa sababu ya biashara, na wanadhani wakilala Deira wamelala karibu na kila kitu. Bustani za Ferrari World na Warner Bros. World ziko kisiwa cha Yas, upande wa Abu Dhabi, zaidi ya kilomita 100 kutoka Deira, na Legoland iko Jebel Ali, mwisho wa mji kwenye barabara hiyo hiyo. Lakini kosa la umbali nalivumilia kuliko kosa la majira. Likizo yetu ya Juni huangukia wakati joto la Dubai linapopita nyuzi 40, na mchanga wa saa sita mchana hauwezi kukanyagwa na mtoto aliyevua viatu. Bahari yenyewe inakuwa vuguvugu kiasi kwamba haimpoozi mtu. Ferrari World na Warner Bros. World zimejengwa ndani ya majengo yenye viyoyozi, kwa hiyo bustani hizo zinafaa Juni, ila ufukwe haufai, na mtu anayelipia hoteli ya ufukweni Dubai mwezi huo amenunua dirisha. Desemba mambo hugeuka: hali ya hewa ni ya kupendeza, ufukwe unastahili gharama yake, na bei zinapanda kwa sababu dunia nzima inalijua hilo.

Ili nisionekane mkaidi, nikubali kwamba zipo sehemu ambazo ombi la hoteli moja linaingia sawasawa. Atlantis, hoteli iliyofunguliwa mwaka 2008 kwenye kisiwa cha Palm Jumeirah huko Dubai, ina ufukwe wake na bustani ya michezo ya maji ya Aquaventure katika eneo moja, na wageni wanaolala hapo huingia Aquaventure bila kukata tiketi nyingine. Maji ya sehemu hiyo yametulia kwa sababu ya boma la mawe linalokizunguka kisiwa, jambo muhimu kwa watoto wetu wa bara ambao bahari ya kwanza wanaiona wakiwa darasa la tano. Bei yake, hata hivyo, hunifanya nisite kuipendekeza kwa mtu anayelipa karo mwezi wa Julai. Durban ni nafuu zaidi na inasahauliwa bila sababu: bustani ya uShaka Marine World, iliyofunguliwa mwaka 2004, iko ufukweni kabisa, hoteli za kawaida zimepangana kandokando ya fukwe hizo, Mtanzania haombi viza kwa ziara fupi ya Afrika Kusini, na Juni ni kipindi kikavu huko, ingawa maji yana ubaridi kidogo kwa mtu aliyezoea Bahari ya Hindi ya kwetu. Waoge kati ya bendera za waokoaji, basi.

Sasa nije nyumbani, ambako ndiko safari nyingi zinaishia na ndiko hasira zangu zinakoanzia. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwezi Julai 2024, safari ya Dar es Salaam iliyokuwa ikimaliza siku nzima ndani ya basi imekuwa ya takriban saa nne, na familia ambazo zamani zingeishia Morogoro sasa zinataka Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam. Sawa. Kunduchi kuna Wet 'n' Wild, bustani ya michezo ya maji iliyo jirani kabisa na bahari, na ukanda wa kutoka Mbezi Beach hadi hapo umejaa hoteli. Mteja anaona picha: mchanga mweupe, mnazi, maji ya buluu yakigusa ngazi za hoteli. Anafika saa nne asubuhi, anakuta maji yamekwenda mbali, matope na majani ya baharini yametandazwa kama mkeka, na ananipigia simu kunilaumu kwamba nimempeleka hoteli isiyo na bahari.

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Dar es Salaam na Unguja hufika karibu mita 4. Hakuna hoteli inayoweza kulizuia jambo hilo. Linaweza kukadiriwa bila hata intaneti, kwa kuutazama mwezi tu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bamvua huwa kubwa, na pwani hiyo maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, kisha hukauka vibaya kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: tofauti ni ndogo, na kujaa kwenyewe huangukia asubuhi ile ile ambayo wiki iliyopita ilikuwa matope. Kati ya hapo, kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Basi mtu anayekwenda Kunduchi wakati wa mwezi mpevu apeleke watoto bustanini asubuhi na awatoe mapema jioni, kama ataweza, kwa sababu bahari itakuwa tayari kuwapokea saa kumi. Anayekwenda kwenye maji mafu afanye kinyume. Hapo peke yake, kwa kuwa lango na mchanga viko hatua chache, ndipo ule mpango wa vyote viwili kwa siku moja huwa na pumzi nyumbani kwetu, na hata hapo unategemea kalenda ya mwezi kuliko nyota za hoteli.

Kuna jambo la pili ambalo matangazo hayalisemi. Ufukwe wa Kunduchi umekuwa ukiliwa na bahari kwa miongo kadhaa, hoteli zimejenga kuta na matuta ya mawe kuuzuia mmomonyoko, na sehemu nyingine maji yakijaa hayaachi mchanga wa kukaa, yanapiga ukutani. Wataalamu wengine wanalaumu uchimbaji wa mchanga katika mito inayoingia baharini hapo, wengine wanataja mabadiliko ya mawimbi na ya bahari yenyewe. Mimi ninachojali ni kwamba picha iliyopigwa miaka iliyopita haina dhamana. Naomba hoteli itume picha mbili za siku moja, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa. Wanaotuma napeleka wateja. Wanaojibu kwamba "ufukwe wetu ni mzuri sana" nawashukuru kwa heshima.

Tena, anayetaka maji meupe ya kuogelea hahitaji hoteli yenye ufukwe mzuri, kwa kuwa boti huenda kisiwa cha Mbudya kutoka pwani hiyo hiyo, na Mbudya ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Alale nyumba ya kawaida ng'ambo ya barabara, aende bustanini siku moja na kisiwani siku nyingine. Mwenye siku nyingi avuke na boti ya mwendo kasi hadi Unguja, takriban saa mbili, akalale Nungwi au Kendwa, ambako mtu anaweza kuogelea karibu wakati wote. Paje na Jambiani ni pazuri kweli, lakini maji yakipwa yanakwenda mbali mno, na mtoto aliyetoka kwenye mabomba ya kuteleza hataelewa kwa nini asubiri.

Yote haya yanaegemea kuhama hoteli katikati ya safari, na hapo ndipo nina mashaka ambayo vitabu vya uwakala huyaficha. Hoteli hutaka utoke asubuhi, na ile unayokwenda hukupokea mchana. Katikati kuna saa tatu au nne za kukaa na mabegi, watoto wana njaa, na baba anauliza kwa nini tusingebaki tulipokuwa. Kwa safari ya usiku chini ya tano huwa sishauri kuhama hata kama hesabu ya fedha inaniunga mkono: lala karibu na lango, na bahari uipe ziara ya siku moja. Kwa familia yenye bibi mzee au mtoto anayenyonya nasitasita hata kwenye usiku saba, na kuna wakati nimeandika ratiba mbili na kumwachia mama wa nyumba aamue.

Wanaosafiri Desemba wana utaratibu wao. Kati ya Krismasi na mwaka mpya hoteli nyingi za ufukweni Zanzibar hudai idadi ya chini ya usiku na malipo ya awali yasiyorudishwa, kwa hiyo hapo sehemu ya bahari ndiyo inayofungwa kwanza, mapema kadiri akiba inavyoruhusu, kisha siku za bustani na tiketi za treni zinapangwa kuizunguka.