Sarafu haisuguliwi ikawa prufu

Naomba leo tuelewane vizuri, maana jambo hili nimelieleza dukani mpaka sauti imekauka. Sarafu ya prufu, ile inayopigwa kwa ustadi wa pekee kwa ajili ya wakusanyaji, haitengenezwi nyumbani. Haitengenezwi kwa dawa ya meno, wala kwa majivu na limau, wala kwa steel wire ya kusugulia masufuria, wala kwa mashine yangu ya kung'arishia pete. Inazaliwa kiwandani, siku ile inapopigwa, na ikitoka pale si prufu basi haitakuwa prufu mpaka kiama.

Nayasema haya nikiwa sonara. Kung'arisha ndiyo kazi inayonilisha hapa Tabora mjini. Niletee sarafu yoyote, nipe dakika chache na brashi na dawa nyekundu ya kung'arishia, nitakurudishia kitu unachoweza kujitazamia ndevu. Na nitakuwa nimekuharibia mali yako. Ninachokifanya mimi kwenye mashine ni kuondoa madini ya juu na kuyasambaza yale yaliyobaki mpaka yalale. Kingo za herufi zinalegea, pua ya mtu kwenye picha inakuwa butu, na uso wote unang'aa kwa mng'ao mmoja, popote utakapoigeuzia taa. Shati la mtumba ukilipiga pasi linanyooka, lakini halijashonwa upya.

Prufu inapigwa hivi. Chapa zenyewe, zile za chuma zenye picha, zinasuguliwa kwanza mpaka zile sehemu tambarare ziwe kioo. Sehemu za picha zinakwaruzwa makusudi, zamani kwa asidi au kwa mchanga, siku hizi hata kwa leza, ili zitoe weupe wa ukungu. Visahani vya madini, vile vitakavyokuwa sarafu, navyo vinasafishwa na kung'arishwa kabla ya kuguswa na chapa. Kisha kila kimoja kinapigwa taratibu, kwa nguvu kubwa, mara mbili au zaidi, na kinatolewa kwa mkono wenye glovu au kwa kifaa kisichogusa uso. Sarafu za kawaida za matumizi zinapigwa mara moja moja, mamia kwa dakika, na zinaangukia kwenye pipa zikigongana. Tofauti yote imo humo.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike. Kijana mmoja kaja na hela ishirini (Heller 20) ya Mjerumani ya mwaka 1916, ya shaba ya njano, ile yenye taji upande mmoja na herufi T chini yake. T ya Tabora. Kaisugua mpaka imekuwa kama kitasa cha mlango mpya. "Fundi, hii prufu, nimeona mtandaoni prufu zinang'aa hivi hivi." Nikamwambia akae, nikampa lenzi ya mara kumi, tukaitazama pamoja chini ya taa.

Kitu cha kwanza alichokiona mwenyewe ni mistari. Michirizi myembamba, sambamba, yote ikielekea upande mmoja, kutoka kwenye taji mpaka ukingoni. Huo ni mkono wake na kitambaa chake. Prufu haina mistari ya namna hiyo. Uwanja wake, yaani sehemu tambarare isiyo na picha, ukiutazama kwa lenzi ni mweusi na mtulivu, na taa inaonekana ndani yake kama ilivyo. Kitu cha pili ni uchafu uliobaki kwenye kona za ndani za herufi, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Dawa ya meno ilikuwa bado imo humo, nyeupe, imeganda kwenye tumbo la ile sifuri ya 20. Kitu cha tatu, na hiki ndicho kinachoniuma zaidi, ni ncha za herufi L katika neno HELLER. Wakusanyaji wa sarafu hizi wanazigawa kwa vitu vidogo sana: ukubwa wa taji, na kama ncha za L zimechongoka au zimejikunja. Aina moja inaweza kuwa adimu na nyingine ikawa ya kawaida tu. Kwenye ile ya kijana, ncha zilikuwa zimeliwa, na huwezi tena kusema kwa uhakika ni ya aina gani. Ilikuwa na rangi ya kahawia ya zaidi ya miaka mia, imetulia, imeshikamana, ikiulinda uso wake. Kaiondoa kwa dakika tano.

Halafu mtu akifikiri kidogo ataona kwamba sarafu za Tabora ni kinyume kabisa cha prufu, na ndiyo sababu tunazipenda. Mwaka 1916 Mjerumani alikuwa amezingirwa, bahari imefungwa na Mwingereza, sarafu haziji kutoka Ulaya. Wakapiga hela zao wenyewe kwenye karakana ya reli, kwa shaba waliyoikusanya, na dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakaipigia rupia 15 zenye tembo na mlima nyuma yake. Mitambo haikuwa ya kazi hiyo. Picha zimekaa upande, mapigo mengine ni hafifu, visahani havina unene mmoja. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia mjini na kazi ikaisha. Kutafuta kioo kwenye sarafu kama hiyo ni kuidhulumu. Na kwa wale wanaoota tembo wa dhahabu: rupia 15 halisi ina uzito wa gramu 7.168 na dhahabu yake ni 750 katika 1,000. Nakala za siku hizi ni nyingi, na nyingi zimeng'arishwa kama kioo ili kumpumbaza anayeamini kwamba kung'aa ndiyo thamani. Mizani kwanza, macho baadaye.

Upande wa pili wa kosa hili watu huusahau, nami nautilia mkazo kwa sababu ndio unaopoteza pesa. Kama sarafu haiwezi kusuguliwa ikawa prufu, basi prufu nayo haiwezi kuchakaa ikaacha kuwa prufu. Mama mmoja aliwahi kunionyesha shilingi 50 ya Tanzania ya mwaka 1974, ile ya faru, iliyochezewa na watoto mpaka ina makovu, na mtu alikuwa amemwambia "hii si prufu tena" akampa bei ya madini ya fedha chakavu. Si kweli. Ni prufu iliyoumia. Kwenye kile kipimo cha ubora cha daraja 1 mpaka 70, alichokianzisha Sheldon wa Marekani mwaka 1949, prufu safi zinaanzia 60 kwenda juu, na iliyotumika inaandikwa daraja la chini ya hapo huku herufi za prufu zikibaki pale pale. Bei itashuka, tena sana. Asili haibadiliki.

Na kwa hii sarafu ya faru asili ina maana ya gramu kabisa. Ile seti ya 1974 ya kuhifadhi wanyama, twiga kwenye shilingi 25, faru kwenye 50, duma kwenye 1,500 ya dhahabu, ilitoka kwa namna mbili. Za fedha zisizo prufu zina madini ya fedha 500 katika 1,000. Za prufu zina 925, na ni nzito zaidi: twiga gramu 28.28, faru gramu 35. Kwa hiyo sarafu mbili zenye picha moja, mwaka mmoja, thamani moja iliyoandikwa usoni, zina fedha tofauti tumboni. Ukiisugua ile ya 500 mpaka ikang'ae kuliko prufu, mizani itakuumbua. Ukiiweka prufu iliyochakaa juu ya mizani, mizani itaitetea, ikipungua kidogo tu kwa kulika. Yule mama alipewa bei ya fedha chakavu ya 500 kwa kitu cha 925. Huo ni wizi, hata kama mnunuzi alikuwa hajui.

Afrika Kusini nao wana mfano unaonifurahisha. Krugerrand, sarafu yao ya dhahabu, ya kawaida ina meno 160 kwenye ukingo. Ya prufu ina 220. Hapo ukingo peke yake unakuambia ukweli, hata uso ukiwa umeharibika.

Lakini nisiwadanganye kwamba kila mara ni rahisi. Chapa mpya kabisa, ikipiga sarafu zake za kwanza za matumizi, inaweza kutoa uso unaokaribia kioo. Zipo ambazo nimezigeuza chini ya taa jioni nzima na nisingeweza kuapa kortini. Hapo natazama ukingo: prufu ina kona ya mraba, kali, pale ukingo unapokutana na upande, kwa sababu madini yalisukumwa mpaka mwisho. Natazama kama picha imejaa hadi nukta ya mwisho. Na bado hubaki chache za kubishaniwa. Ule weupe wa ukungu nao usiwe kipimo chako cha pekee. Kwenye prufu za zamani ukungu wa chapa ulikwisha haraka, sarafu za mwanzo zikatoka na picha nyeupe juu ya uwanja mweusi, zilizofuata zikang'aa kote. Zote ni prufu, ingawa soko linazilipia tofauti.

Shaka yangu nyingine ni hii habari ya daraja la 69 na 70. Sarafu inafungwa kwenye plastiki na kampuni ya Marekani, namba inaandikwa, na bei ya 70 inaweza kuwa mara kadhaa ya bei ya 69. Mimi natumia lenzi kila siku ya kazi, na mara nyingi nikiwekewa hizo mbili bila namba siioni tofauti yake. Anayeanza asilipie namba hiyo. Alipie sarafu.

Kuhusu kuanza kwenyewe sina maneno mengi. Anza na nchi yako. Sarafu zetu za kwanza za 1966 zilipigwa pia kwa prufu: senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, na shilingi yenye Mwenge. Si za fedha, ni za shaba iliyochanganywa na madini mengine kama nikeli, kwa hiyo haziumizi mfuko kama za madini ghali, na ukiweka ile ya prufu kando ya ile iliyozunguka sokoni utajifunza kwa dakika moja zaidi ya makala hii. Baada ya hapo tafuta twiga wa 1974. Nunua mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu kabla hujanunua sarafu ya pili. Boksi na cheti ni vizuri kuwa navyo, lakini cheti ni karatasi, na karatasi huhama kutoka boksi moja kwenda jingine. Kinachopimwa ni sarafu.

Na usinunue ukitegemea utajiri. Prufu za kisasa zinapigwa kwa wingi na karibu zote zinatunzwa, kwa hiyo hazipungui. Seti nyingi za prufu za Marekani za miaka ya 1980 leo zinauzwa chini ya bei zilizotoka nazo kiwandani, zikiwa bado kwenye kasha lake. Anayekuuzia kwa ahadi kwamba itapanda kila mwaka anauza ahadi. Nunua kwa sababu ukiishika chini ya taa moyo wako unatulia, kwa sababu unaona mistari ya ngozi ya faru iliyochorwa na mtu aliyejua kazi.

Ukishaipata, kazi yako ni kutoigusa. Ishike ukingoni tu, juu ya kitambaa laini, maana mafuta ya kidole yanaacha alama ambayo baada ya miezi inakuwa kahawia na haitoki. Usiongee ukiwa umeinamia sarafu. Tone dogo la mate linatosha kuacha doa. Vile vifuko vya plastiki laini vinavyonukia kama pazia jipya la bafu usivitumie kabisa: vinatoa uteute wa kijani unaokula uso. Uteute huo ukiwa bado mbichi, asetoni safi inauondoa bila kugusa madini: unaitumbukiza sarafu, unaitoa, inakauka yenyewe, bila kusugua, mbali na moto. Ile ya kutolea rangi ya kucha sio, ina mafuta na manukato. Madoa meupe kama maziwa yanayojitokeza kwenye fedha mpya ni habari nyingine. Wengi wanasema ni mabaki ya dawa iliyosafishia visahani kiwandani, wengine wanabisha, na asetoni haiyagusi. Yaache.

Tumia kapsuli ngumu ya plastiki ya kuhifadhia sarafu, ya saizi ya sarafu yenyewe, isiyocheza. Weka kwenye kasha linalofunga vizuri, mbali na vitu vya mpira na kiberiti, na ndani yake tia vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye boksi la viatu vipya. Kiangazi chetu ni kikavu, vumbi ndilo adui. Mvua zikianza Novemba hewa inabadilika, kwa hiyo badilisha vipakiti mwishoni mwa Oktoba.