Bure si huru, hata ndani ya Linux

Jumanne karani wa kanisa moja la Kayole alipanda ngazi hadi chumba changu cha kazi, orofa ya tatu, karibu na Luthuli Avenue. Alikuwa ameikumbatia laptopu ya mtumba niliyomwekea Ubuntu, aina moja ya mfumo wa kompyuta wa Linux, miaka minne iliyopita. Akaifungua, akanionyesha dirisha jekundu la programu ya daftari la kanisa: toleo hili limefikia mwisho, pakua jipya. Nikatafuta hilo jipya. Kwa Linux halitengenezwi tena. Nyuma ya dirisha hilo kulikuwa na daftari lote la waumini, zaka, michango ya ujenzi na namba za simu za watu mia tatu na ushei.

"Fundi," akasema, "si uliniambia hii Linux ni huru? Mbona nimefungiwa nje?"

Swali hilo nimelisikia kwa wanafunzi wa vyuo, kwa wenye saiba, hadi kwa mhasibu wa sacco. Kila mmoja ana maneno yake, lakini imani ni ile ile: mfumo ni huru, basi kila kilichomo ndani ni huru. Nimelijibu kwa mdomo hadi nimechoka. Leo naandika, tena naandika nikiwa na deni, kwa sababu programu ile niliiweka mimi. Karani aliniuliza kama italipiwa, nikamwambia ni ya bure, nikaishia hapo.

Kiingereza kina neno moja, free, kwa mambo mawili: bure na huru. Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huru, alipotangaza mradi wa GNU wa kutengeneza mfumo huru wa kompyuta mwaka 1983, alijitwika kazi ya kueleza miaka nenda miaka rudi kwamba hazungumzii bei. Sisi wa Kiswahili hatuna kisingizio hicho. Tuna bure na tuna huru, na hakuna mtoto anayeyachanganya akisema maji ni ya bure na nchi iko huru. Bure ni habari ya mfuko wako leo. Huru ni habari ya unachoruhusiwa: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, kuubadilisha, na kuwagawia wenzako, uwe ulivyoupata au ulivyoubadilisha. Programu inaweza kuuzwa ikabaki huru. Inaweza kutolewa bure na bado ikawa na mwenyewe, na ufunguo ukabaki kwake.

Chrome, programu ya kufungulia tovuti, ni ya bure, si huru. Chromium iliyoizaa ni huru. Visual Studio Code, programu ya kuandikia msimbo, ikipakuliwa kwa Microsoft ina leseni ya umiliki, yaani mwenye programu ndiye anayepanga masharti, ingawa msimbo inakotoka uko wazi chini ya leseni huru ya MIT. VSCodium hujengwa kutokana na msimbo huo huo bila leseni ile. Zote hizi zinakaa kwenye Linux vizuri, na mfumo haubadilishi tabia ya hata moja. Nyumba yako ikiwa ya kwako, hiyo haimfanyi mpangaji kuwa ndugu yako.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaosema ukiweka programu ya umiliki juu ya Linux umevunja leseni. Hapana. GPL toleo la 2, leseni ya mwaka 1991 inayotumiwa na kerneli, yaani kiini cha Linux, haikuwekei masharti ya kuendesha programu. Na kwenye leseni ya kerneli kuna dokezo la Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, kwamba programu za kawaida zinazoomba huduma kwa kerneli hazihesabiwi kuwa zimetokana nayo. Moduli, kipande cha programu kinachoingia ndani ya kerneli, ni kesi nyingine. Ukipakia moduli ya umiliki, kerneli hujiandikia kwamba imechafuliwa, na ukipeleka malalamiko kwa watengenezaji, wengi watakuambia uiondoe kwanza. Uhalali wa moduli kama hizo umebishaniwa miaka mingi, na sitaumaliza hapa.

Linaloniudhi hasa ni mabishano ya famuwea, programu ndogo inayofanya kazi ndani ya kifaa chenyewe, kama kadi ya Wi-Fi.

Kuna vijana, tena werevu, watakaomsuta mtu hadharani kwa kuweka famuwea ya Wi-Fi, halafu maandishi yao yote ya kazi yako ndani ya programu ya umiliki ya bure, kwenye seva ya kampuni wasiyoijua, katika umbizo lisilofunguliwa na kitu kingine. Nawaomba wapime uzito. Kadi ya Wi-Fi ya Intel iliyomo ndani ya ThinkPad nyingi zinazopita mezani kwangu huendeshwa na draiva iwlwifi, programu inayouwezesha mfumo kuongea na kadi, ambayo ni huru. Lakini draiva hiyo lazima iipe kadi faili la famuwea lisilo huru, la sivyo hakuna mtandao. Faili hilo haliendeshwi na prosesa kuu. Linaingia kwenye chipu ya kadi, linafanya kazi humo. Watengenezaji wa Debian, aina nyingine ya Linux, walilivutania jambo hili kwa miaka. Nakumbuka nikiweka Debian, kisakinishi kinadai famuwea, nami nashuka ngazi na flashi kwenda kulitafuta faili kwenye kompyuta ya jirani. Mwaka 2022 walipiga kura, na Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ikaja na famuwea kwenye kisakinishi, lakini katika sehemu yake ya pekee, yenye jina lake, ili ujue umeweka nini. Kwangu huo ni uungwana: unapewa unachohitaji na unaambiwa ukweli wake.

Free Software Foundation, shirika lililoanzishwa na Stallman, wanaikataa famuwea isiyo huru. Mifumo wanayoipendekeza, kama Trisquel, haina famuwea hizo kabisa. Hapo nawaheshimu. Ila wanapothibitisha vifaa, msimbo uliochomwa ndani ya chipu saidizi kiwandani, usiokusudiwa kubadilishwa, wanauhesabu kuwa sehemu ya kifaa na wanaupitisha. Ukiletwa kutoka kwenye diski, hawautaki. Hoja yao ni kwamba kilichochomwa hakibadiliki hata kwa mtengenezaji, kwa hiyo wewe na yeye mko sawa. Cha kwenye diski yeye anaweza kukibadilisha na wewe huwezi. Siku nyingi naona hoja hiyo inamwacha mteja wangu bila mtandao kwa faida ndogo. Siku nyingine, hasa baada ya sasisho la famuwea kuiharibu kadi iliyokuwa inafanya kazi, naona wameona mbali kuliko mimi. Sijafikia msimamo.

Lakini hata nikikosea hapo, famuwea ya Wi-Fi haishiki daftari la kanisa. Kadi ikigoma, nitachomeka nyingine ya USB. Zipo zenye chipu ya Atheros AR9271 ambayo hata famuwea yake ni huru. Kazi inaendelea. Programu iliyomeza miaka minne ya majina na michango ya watu haibadilishwi hivyo. Ndiyo maana sasa kabla ya kuweka chochote cha umiliki namuuliza mteja swali moja: mwenye programu akiondoka kesho, wewe unabaki na nini mkononi?

Adobe waliacha kutengeneza Reader, programu yao ya kufungua PDF, kwa ajili ya Linux. Iliishia toleo la 9, mwaka 2013. Ilikuwa ya bure, ya umiliki, na ilipoondoka watu hawakupoteza nyaraka zao, kwa sababu PDF ilikuwa imeshakuwa kiwango cha wazi tangu 2008, na programu huru kama Evince na Okular zilikuwa zinaifungua. Umbizo liliwaokoa. Mwaka 2010 Oracle ilipoinunua Sun, kampuni iliyokuwa na OpenOffice, programu huru ya kazi za ofisi, sehemu kubwa ya watengenezaji wake waliingiwa na wasiwasi, wakauchukua msimbo wakaanzisha LibreOffice mwaka huo huo. Faili za zamani zilifunguka kama jana. Na miaka sita kabla ya hapo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, menyu zote kwa Kiswahili. Leseni ilishawaruhusu. Hawakuhitaji kumsubiri mwenye kampuni aamue kama soko letu linamlipa.

Na sasa upande ambao watetezi wenzangu huupitia haraka. Programu huru nazo hufa. Msimbo unabaki, lakini karani wa kanisa ataufanyia nini? Uhuru wake unapitia kwa fundi. Nina programu huru mbili zilizoandikwa kwa Python 2, lugha ya kuandikia programu ambayo ilifikia kikomo mwanzoni mwa 2020, na nimeshindwa kuzifufua. Wa kulipia muda wa kazi hiyo hakuna. Uhuru usio na mtu wa kuutumia ni mwembamba, na Nairobi mafundi wa kukaa na msimbo wa mtu mwingine wiki mbili ni wachache. Pia yupo mhasibu ambaye kazi yake yote iko kwenye QuickBooks, programu ya hesabu, ya kompyuta ya Windows. Huyo namwambia abaki na Windows. Kumhamisha kwa nguvu ni kumtesa.

Programu ya karani niliifungulia tumboni. Amri ya file ikaniambia hifadhidata yake ni SQLite, aina iliyo wazi inayosomeka na programu nyingine, nikashukuru Mungu. Majina na namba za simu vikatoka vyote, nikavigeuza kuwa CSV, jedwali la maandishi ya kawaida. Michango haikutoka, kampuni ilikuwa imeifunga kwa msimbo wa siri wa kwake, na baada ya siku mbili nikakubali nimeshindwa. Nilimweleza karani hivyo, na nikamwambia kosa la kwanza lilikuwa langu. Akanyamaza kidogo, akauliza kama vitabu vya risiti vya karatasi vinaweza kusaidia.

Alhamisi ya wiki iliyofuata alirudi na mfuko umejaa. Yeye anasoma risiti, mimi naingiza kwenye jedwali la LibreOffice, sitozi kitu. Tumefika Machi ya mwaka wa pili.